Mwalimu Felisita na Galaksi za Bandia

Kuna watu wakikosewa hunyamaza, wakamwachia Mungu. Felisita Niyokwizera si mmoja wao, na wale wanaomlaumu kwa hilo wangeanza kwanza kujiuliza nani alimkosea.

Yeye ni mwalimu wa fizikia katika sekondari moja ya kata huko Mabawe, wilayani Ngara. Ni mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sauti inayofika darasa la jirani bila kupazwa, na anatembea mbio mbio hata siku ambayo hana haraka. Alizaliwa hapa hapa, katika nyumba iliyozungukwa na migomba ambayo baba yake, mzee Gervasi, aliijenga baada ya kuvuka mpaka kutoka Burundi akikimbia mauaji ya mwaka sabini na mbili. Gervasi alifika kijana. Amezeekea Mabawe, mke wake amezikwa Mabawe, na karatasi za uraia wa nchi hii anazo sandukuni. Lakini ukimsikiliza akizungumza na majirani utadhani alifika juzi na kesho anaondoka. Kila sentensi yake huanza na samahani.

Kazi iliyomletea Felisita balaa ilikuwa kazi ya galaksi. Alipokuwa akisoma shahada ya pili alijiunga na kundi la watafiti waliotawanyika nchi kadhaa, na alipopangiwa kufundisha nyumbani hakuiacha kazi ile, aliibeba. Kundi hilo hupima mwangaza wa galaksi za mbali mno, hasa ule mwanga wa urujuanimno unaotoka kwa nyota changa zenye joto kali. Mwanga huo ulianza safari kabla dunia yetu haijakuwepo, na njiani umevutika, hata ukifika kwenye darubini iliyoko angani unakuwa umeshapita wekundu wote ambao macho yetu yanauona. Watafiti wanataka kujua jambo linalosikika dogo: galaksi zenye kung'aa sana ni ngapi, za wastani ni ngapi, na hafifu ni ngapi. Ukiujua mgawanyo huo, unajua ulimwengu ulipokuwa mchanga uliangazwa na nani: vigogo wachache au wadogo wengi.

Ugumu wote uko kwa wadogo. Picha ya darubini ina chengachenga zake, na galaksi hafifu hupotelea humo. Ukihesabu zile tu ulizoziona, utasema wadogo hawapo, kumbe wapo na ni wewe usiyewaona. Kwa hiyo Felisita, katika chumba cha kompyuta cha shule, jioni vipindi vikiisha, alikuwa akifanya hivi: anatengeneza galaksi za bandia za mwangaza anaoujua mwenyewe, anazipandikiza kwenye picha, kisha anairudishia kompyuta picha ile izitafute. Ikipata sita katika kila kumi, basi hata zile za kweli za mwangaza huo inakosa nne katika kumi, na hesabu lazima isahihishwe. Baada ya hapo za bandia zinatupwa. Hakuna hata moja inayobaki kwenye jibu.

Wanafunzi wa kidato cha tatu aliwaeleza kwa maharage. Mmepura maharage uani, punje nyingine zimepotelea kwenye vumbi, na mdogo wako anatumwa kuokota. Utajuaje macho yake yanaona kiasi gani? Mtupie humo punje kumi ulizozitoboa kwa sindano, mwache aokote, kisha tazama zimerudi ngapi. Walielewa siku hiyo hiyo, na tangu siku hiyo walikuwa wakigombania zamu ya kupandikiza.

Tuseme ukweli, hii ni kazi ya uaminifu kuliko kazi nyingi. Ni mtu kuyatilia shaka macho yake mwenyewe na kuitafuta aibu yake kabla hajatangaza jibu. Wangapi kati yetu hufanya hivyo?

Mzee Privatus hafanyi. Yeye ni mwenyekiti wa bodi ya shule, bwana shamba mstaafu, mwenye ng'ombe, na mwenye hadithi moja anayoisimulia kila msiba na kila harusi: jinsi alivyomfichua mtumishi hewa miaka ile ya msako, marehemu aliyekuwa akiendelea kupokea mshahara kwa bidii kuliko walio hai. Tangu hapo anaona hewa kila mahali. Siku moja alikuja shuleni kukagua paa lililoezuliwa na upepo, akapita chumba cha kompyuta. Felisita alikuwa ameitwa ofisini. Wanafunzi wakamwamkia, wakamkaribisha, na msichana mmoja akamwonyesha picha kwa furaha yote ya mtoto anayejua kitu.

"Hizi zenye duara la njano ni za kweli, mzee. Hizi zenye duara jekundu tumezipandikiza sisi."

"Mmezipandikiza? Kwa hiyo hazipo?"

"Hazipo, mzee. Ni za bandia. Mwalimu ndiye anatufundisha kuzitengeneza."

Mzee Privatus akatikisa kichwa taratibu, akaaga, akaenda zake. Hakuuliza za nini. Swali moja tu lingetosha, na msichana yule alikuwa na jibu mdomoni tayari. Lakini kuna watu ambao kuuliza kwao ni kujishusha, bora waharibu jina la mtu kuliko kuonekana hawajui.

Kikao cha wazazi kilifanyika wiki ile ile, madawati yakiwa yametolewa nje. Walizungumza paa, walizungumza chakula cha mchana, kisha mzee Privatus akasimama na kujikohoza.

"Wazazi wenzangu, mimi sina maneno mengi. Nimeona kwa macho yangu. Mwalimu wa fizikia anatumia kompyuta za shule kutengeneza galaksi hewa. Anazichomeka katikati ya zile za Mungu, halafu hesabu anawapelekea wazungu. Na watoto wetu anawafundisha hivyo hivyo. Sasa niwaulize, mtu anayeweza kutengeneza galaksi hewa, alama hewa za mtihani zitamshinda?"

Wazazi wakaguna. Alama ni jambo ambalo hakuna mzazi anayelichezea, hata yule ambaye hajawahi kulifungua daftari la mwanawe. Mzee Privatus alipoona upepo umeshika, akaongeza: "Na tusijifanye kushangaa. Wengine hapa hata karatasi zao wenyewe hatujui walizipataje."

Hakutaja jina. Hakuwa na haja. Shingo zote ziligeuka nyuma, alikokaa mzee Gervasi na kofia yake mapajani, naye akainama akatazama viatu vyake.

Hapa ndipo mtu mwenye damu mwilini anapochemka. Mhangaza, ambaye ndiye mwenyeji wa Ngara, na Mrundi wakikutana sokoni, kila mmoja huongea lugha yake na biashara inakwisha bila mkalimani. Wanalima migomba ile ile, wanaimba kwenye kwaya moja, wameoleana mpaka hujui wifi ni wa upande gani. Lakini siku ya maneno ndipo mtu hukumbuka kwamba kuna mpaka.

Felisita alisimama kujibu. Mkuu wa shule, Sostenes, mtu mwema anayeogopa kila kitu chenye mhuri, akampungia mkono akae. "Mwalimu, tulia. Hili tutalishughulikia kiofisi." Na kiofisi kwake kulimaanisha hivi: kesho yake kidato cha nne, ambacho mtihani wa taifa ulikuwa unakisubiri mlangoni, kilinyang'anywa Felisita na kupewa mwalimu wa jiografia. Chumba cha kompyuta kikatiwa kufuli jipya.

Wale watoto aliwapokea wakiwa kidato cha kwanza, wakiogopa hata neno fizikia. Amewavusha mwaka hadi mwaka, amewafundisha Jumamosi bila kulipwa chochote, na sasa wanamwona akipita koridoni kama mtu aliyekamatwa na kitu mkononi. Hilo lilimuuma kuliko tusi lenyewe. Galaksi zina subira, zimesubiri tangu zamani na zitasubiri tena. Kidato cha nne hakina subira, na jina la mwalimu likishaoza mbele ya wanafunzi, hata akirudi ubaoni ataandika lakini hataaminiwa.

"Nitadai kikao kingine," alimwambia baba yake jioni ile, wakimenya ndizi. "Aliyoyasema mbele ya watu atayafuta mbele ya watu."

"Mwana wanje, mwanangu," mzee Gervasi akasema, maana akiwa na wasiwasi Kirundi humtangulia, "acha. Samahani, lakini acha. Sisi hatuna nguvu za kugombana na mwenyeji."

"Mwenyeji nani, baba? Mimi nimezaliwa wapi?"

Mzee aliendelea kumenya.

Jumapili, watu wakitoka misa ya pili, mwalimu mwenzake Yuster alimshika Felisita mkono akamvuta pembeni ya kanisa. Yuster si mtu wa kuzunguka mbuyu.

"Shoga yangu, mbona hukuniambia kama mmeamua kuomba radhi?"

"Radhi gani?"

"Mzee wako. Jana amepeleka dumu la urwarwa kwa mzee Privatus. Zima, limefunikwa jani la mgomba. Wameanza kulinywa leo. Watu wanasema kumbe ni kweli, maana kama hukukosa, pombe ya nini?"

Kwa wale wasiojua, pombe ya ndizi inayopelekwa nyumbani kwa mtu imefunikwa jani bichi haipelekwi kwa sababu ya kiu. Ni mdomo wa mkosaji. Mwenyeji akiipokea na kuita majirani wainywe, majirani ndio mashahidi kwamba kosa lilikuwepo, limekiriwa, limesamehewa. Kwa desturi hiyo nzuri, iliyopatanisha watu wengi waliokuwa tayari kukatana mapanga, mzee Gervasi alikuwa amemtia binti yake hatiani kwa mkono wake mwenyewe, akidhani anamwokoa.

Felisita hakurudi nyumbani kubadili nguo. Alikwenda moja kwa moja kwa mzee Privatus, na gauni lake la kanisani. Uani aliwakuta wazee wamekaa kwenye viti na vigoda, mirija mdomoni, na lile dumu la njano la nyumbani kwao katikati yao.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba, mwalimu! Karibu, karibu kiti," akasema mzee Privatus kwa ukarimu wa mshindi. "Tumeshasahau. Binadamu hukosea."

"Sijaja kukaa, mzee. Nimekuja kuchukua pombe ya baba yangu."

Katika maisha yao yote wazee wale walikuwa wameona pombe ikiletwa, ikinywewa, ikimwagika na hata ikiibwa. Ikidaiwa irudi walikuwa hawajaona. Mmoja alidhani amesikia vibaya, akamuuliza jirani yake.

"Imeshapokewa, mwanangu," mzee Privatus akasema. Tabasamu lilikuwa bado lipo lakini limebaki peke yake usoni. "Pombe ya radhi hairudi."

"Pombe ya radhi huletwa na aliyekosa, au na mtu aliyetumwa naye. Mimi sijakosa, wala sijamtuma mtu. Kwa hiyo hii imepotea njia."

Akatoa mirija mmoja mmoja, akaiweka kwa adabu kwenye sahani, akafunga kifuniko, akainua dumu. Lilikuwa limebaki nusu. Wanawake waliokuwa jikoni walitoka kutazama. Alipita njia kuu ya kijiji, mchana kweupe, watu wakitoka makanisani, dumu kichwani na jani lake likining'inia, na kila aliyemsalimia aliitikiwa vizuri.

Mzee Gervasi alipoliona alikaa chini.

"Umenivua nguo mbele ya watu," akasema.

"Wewe ndiye ulinivisha kosa, baba. Tena lisilo la saizi yangu."

Felisita alitaka kuendelea, maneno alikuwa nayo mengi, mengine makali kuliko binti anavyopaswa kumwambia mzazi. Lakini mzee akaanza kusema bila kumtazama.

"Mwaka tuliofika, mbuzi wa mtu aliingia kwenye mahindi yangu. Ndiyo mahindi ya kwanza kuyapanda hapa. Mwenye mbuzi akaja amefura, ananiambia mahindi yangu yamemwumiza mbuzi wake tumbo. Nilimpelekea pombe. Usiku ule nililala vizuri. Nikajua, kumbe hivi ndivyo mtu anavyokaa mahali."

"Na mahindi?"

"Mahindi yaliliwa."

Felisita akaingia ndani akalia, na hayakuwa machozi ya huzuni. Alikuwa na hasira hata meno yanamuuma. Hasira juu ya baba yake ilikuwa imekwisha pale pale kwenye mahindi, lakini ile ya upande wa pili ilipanda maradufu. Utoto wake wote alikuwa akiona madumu yakitoka nyumbani kwao, akidhani baba yake ni mkarimu.

Haikupita wiki mbili mkuu wa shule akamwita. Mwalimu wa jiografia alikuwa amejitahidi, maskini, lakini watoto walishaanza kumsahihisha ubaoni, na wazazi walikuwa wakinung'unika. Sostenes alifunga mlango, akafunga na dirisha.

"Mwalimu, kesho ingia tu darasani. Kimya kimya. Ufunguo wa chumba cha kompyuta huu hapa. Mambo mengine tuyaache yapoe."

Felisita alikuwa na hamu ya kuwafundisha watoto wale kama mtu mwenye njaa anavyotamani ugali uliokwisha pakuliwa. Alisikia kupitia ukutani mtu akiwafundisha mawimbi vibaya. Na bado akausukuma ule ufunguo kurudi upande wa pili wa meza.

"Niliondolewa mbele ya watu, mkuu. Nikirudi kimya kimya, nitakuwa mwizi aliyesamehewa. Itisha kikao."

"Na wakikukataa?"

"Watanikataa nikiwa nimesimama."

Kikao kikaitishwa, kwa sababu mtihani haukuwa unangoja heshima ya mtu. Wazazi walikuja wengi kuliko kikao kile cha kwanza. Habari za dumu zilikuwa zimewafikia hata watu wa mbali, wa Murukulazo. Felisita alieleza kazi yake kwa utulivu: zile za bandia ni kipimo cha kujua macho ya kompyuta yanakosa nini, hazibaki kwenye hesabu, na yule msichana aliyezionyesha hakuficha neno kwa sababu hapakuwa na la kuficha. Wengi walielewa. Unaona mtu ameelewa pale anapomgeukia jirani yake na kuanza kumweleza.

Mzee Privatus naye alielewa, na ubaya ulikuwa hapo. Alisubiri minong'ono ipungue, akasema akiwa amekaa, bila hata kuondoa mkono kwenye fimbo yake:

"Mwalimu amesoma, na msomi hakosi maelezo. Mimi nina swali dogo la kijijini. Kama hakukuwa na kosa, ile pombe ilikuwa ya nini?"

Felisita alilijua jibu, lakini halikuwa lake kulitoa. Angelitoa angemfedhehesha mzee wake mbele ya kijiji kizima.

Nyuma kabisa dawati likasogea. Mzee Gervasi alikuwa amesimama, kofia mikononi.

"Samahani," alianza, kama kawaida yake. Kisha akaonekana kulifikiria neno lile. "Hapana. Swali limeulizwa, nalijibu. Pombe niliileta mimi. Binti yangu hakujua. Haikuwa ya kosa lake, ilikuwa ya hofu yangu. Nimekuwa nikiwaletea pombe za hofu tangu nikiwa kijana, na nyinyi mmekuwa mkinywa. Mbuzi wenu akila mahindi yangu, naleta pombe. Ng'ombe wenu akivunja uzio wangu, naleta pombe. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza, Gervasi, hii ni ya nini?"

Baadhi ya wazee wakatazama chini. Walikuwa wanajikumbuka. Mama mmoja akasema "Ee Mungu wangu" kwa sauti ndogo, lakini kila mtu akaisikia.

Mzee Privatus alikuwa mwepesi wa kusoma watu, na aliona watu wanamkimbia. Akatabasamu, akafungua mikono yake miwili.

"Mzee mwenzangu, tumekusikia, na umesema vizuri. Sisi ni ndugu, tumezeeka pamoja. Mwalimu arudi darasani. Yaishe."

Watu wakapiga makofi kwa nguvu, makofi ya watu waliofarijika. Mkuu wa shule akapiga kuliko wote. Felisita hakupiga. Alimtazama baba yake, akijua kwamba neno lile, yaishe, halijawahi kumpita mzee huyo bila kukubaliwa, na kwamba sasa atainamisha kichwa, atasema asante na atakaa.

Makofi yakaisha. Mzee Gervasi alikuwa bado amesimama.

"Hayajaisha," akasema. "Ulisema binti yangu ni mwongo, na karatasi zangu ni za wizi. Uliyasema hapa, kwa sauti, ukiwa umesimama. Simama tena."

Mzee Privatus alitazama kushoto, akatazama kulia, akitafuta mtu wa kucheka naye. Wote walikuwa wanamtazama yeye, wanangoja. Akaishika fimbo yake kwa mikono miwili, akaanza kuinuka.